Jina, Mtindo na Besi: Uhakiki wa Dhana ya Mwanzilishi katika Bendi za Dansi za Tabora na Njia Kuu ya Misafara

IKISIRI

Makala haya yanahakiki dhana ya mwanzilishi kama inavyotumika katika maandishi kuhusu bendi za muziki wa dansi zilizochipuka Tabora, au zilizopata watu wake kutoka maeneo yaliyopitiwa na njia kuu ya misafara ya Tanzania ya magharibi. Hoja kuu ni kwamba uhakiki wa Kiswahili umemtambua mwanzilishi kwa utunzi na sauti, ukawasahau waliobeba bendi kwa ala zisizotangulia mbele, hasa gitaa la besi. Kwa kutumia mgawanyo wa kazi uliokuwamo katika msafara wa karne ya 19, yaani tajiri, kirangozi na mpagazi, makala yanapima mambo matatu yanayoifanya bendi iwe bendi: jina, mtindo na besi. Mifano inatoka Kiko Kids, Western Jazz na Tabora Jazz, ikilinganishwa na Les Wanyika, Sunburst na bendi ya Yes ya Uingereza. Inahitimishwa kwamba kutotajwa kwa mpiga besi ni kasoro ya uhakiki na, kwa wakati huohuo, ni suala la haki.

1.0 UTANGULIZI

Mwaka 2014, mwezi Desemba, alifariki dunia Shem Ibrahim Karenga, mtunzi wa wimbo wa "Dada Asha" uliopigwa na Tabora Jazz. Miezi sita baadaye, tarehe 27 Juni 2015, alifariki nchini Marekani Chris Squire, mpiga besi wa Yes, bendi aliyoianzisha pamoja na wenzake jijini London mwaka 1968. Vifo hivyo viwili havina uhusiano wowote wa moja kwa moja. Hata hivyo, kila kimoja kiliibua swali lilelile: mtu wa aina hii anapoondoka, bendi inabaki kuwa ya nani, na jina lake linabaki kumaanisha nini?

Kwa upande wa Squire, jibu lilikuwa tayari limeandaliwa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwamo katika kila albamu ya studio ya Yes tangu ya kwanza ya mwaka 1969 hadi ile ya mwaka 2014, na kabla ya kifo chake alikuwa amemteua Billy Sherwood ashike nafasi yake. Waandishi wa roki ya progresivu, yaani ule muziki wa roki unaorefusha nyimbo, kubadili mwendo ndani ya wimbo mmoja na kuazima muundo wa muziki wa kale wa Ulaya, wameandika mengi kuhusu gitaa lake aina ya Rickenbacker na namna alivyolifanya besi lisikike kama sauti ya pili ya wimbo. Kwa upande wa Tabora, uandishi umekuwa mwembamba zaidi. Unamtaja mtunzi, unautaja mtindo, kisha unanyamaza.

Ukimya huo una chanzo chake. Tafiti nyingi za muziki wa dansi zilizoandikwa kwa Kiswahili zimefanyika katika idara za lugha na fasihi. Kwa hiyo zimeuchukua wimbo kama shairi: zikachambua sitiari, taswira, dhamira na ujumbe kwa jamii. Kazi hiyo ina thamani yake, lakini imemfanya msikilizaji kuwa msomaji. Kilichoimbwa kimehakikiwa, kilichopigwa kimeachwa. Matokeo yake ni kwamba bendi ya watu wengi imepunguzwa ikawa mtu mmoja mwenye kalamu.

2.0 NJIA, RELI NA REDIO

Kabla ya kuitumia njia ya misafara kama kipimo cha uhakiki, ni lazima kwanza ipunguziwe sifa isizostahili. Ni jambo la kawaida kusoma kwamba muziki wa Tabora ni zao la njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Kauli hiyo inapendeza, ila haina budi kupimwa.

Ni kweli kwamba Tabora, iliyojulikana kwa wasafiri wa katikati ya karne ya 19 kwa jina la Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, jirani na mji, mwaka 1872, wakati ambapo vita vya Mirambo dhidi ya wafanyabiashara Waarabu na washirika wao vilikuwa vimeiyumbisha njia yote ya kwenda ziwani. Mtemi Isike alipambana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1893. Njia hiyo imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Lakini gitaa halikuja kwa mabega ya wapagazi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na biashara ya msafara wa miguu ikafa. Kilichofika Tabora baadaye kwa njia ya reli ni santuri, vikiwamo vya muziki wa Kyuba vya mfululizo wa GV vilivyoanza kuuzwa katika miaka ya 1930, watumishi wa serikali, askari na wanafunzi wa shule za mji huo. Kutoka upande wa ziwa ulifika muziki wa Kongo. Juu ya hayo yote ilikuja redio: Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa mahali pa kurekodia bendi za nchi nzima. Kwa hiyo, anayedai kwamba segere matata ni mwangwi wa ngoma za wapagazi anadai zaidi ya ushahidi alionao.

Kilichorithiwa kutoka katika njia ya misafara ni mazoea ya kazi ya pamoja inayosafiri. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika ya Mashariki, ameonesha kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira waliojivunia kazi yao, wenye taratibu zao za njiani, nidhamu yao na heshima yao wanaporudi nyumbani. Terence Ranger naye, katika utafiti wake wa mwaka 1975 kuhusu beni, alionesha jinsi vyama vya ngoma vilivyosambaa kutoka pwani kwenda bara, vikiwa na vyeo, ushindani na uanachama. Bendi za jazz zilizofuata ziliyakuta mazoea hayo. Wengi wa waanzilishi wake walijiunga kwanza kama wanachama wa klabu, na ndipo wakawa wasanii.

3.0 MKABALA: TAJIRI, KIRANGOZI NA MPAGAZI

Msafara ulikuwa na watu wa aina tatu ambao kazi zao hazikuwa rahisi kuchanganywa. Tajiri alitoa mali na vitambaa. Mara nyingi hakuwa njiani kabisa, alikuwa Unguja au Bagamoyo. Kirangozi alitangulia na bendera, akaamua mwendo na kituo. Yeye ndiye aliyeonekana na kusikika kwanza kijijini. Mpagazi alibeba. Bila tajiri msafara haukuanza, bila kirangozi ulipotea, na bila mpagazi haukuwapo kabisa, kwa sababu msafara usio na mzigo ni matembezi.

Mgawanyo huu unaifaa bendi ya dansi kuliko neno moja la "mwanzilishi". Tajiri wa bendi ni yule mwenye vyombo: klabu, mfanyabiashara, chama cha wafanyakazi, kiwanda au shirika la umma. Kirangozi ni mwimbaji, na pamoja naye mpiga gitaa la solo. Mpagazi ni yule anayebeba wimbo mzima kwa sauti nzito isiyotazamwa, yaani mpiga besi akisaidiwa na mpiga ngoma na gitaa la rithimu. Kumwita mpiga besi mpagazi si kumshusha, endapo neno hilo litasomwa kama Rockel anavyolisoma: jina la fundi anayejua uzito wa anachokibeba na anayejua pia kwamba wengine hawaujui.

Kwa mkabala huu, swali la "nani alianzisha bendi" linagawanyika mara tatu. Nani aliipa jina na vyombo? Nani aliipa mtindo? Nani aliishikilia isianguke? Mtu mmoja anaweza kuwa jibu la maswali yote matatu, kama Squire alivyokaribia kuwa. Mara nyingi hawi.

4.0 JINA

Jina la bendi ndicho kitu cha kwanza kinachorithiwa na cha mwisho kufa. Katika Tanzania ya magharibi, majina yalifungwa na mahali. Tabora Jazz ilichukua jina la mji. Nyanyembe Jazz ilichukua jina la nchi ya zamani iliyouzunguka mji huo. Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma ilichukua jina la maji. Kiko Kids ya Tabora, chini ya Salum Zahoro, ni miongoni mwa chache zilizojiita bila kutaja mahali. Hata hivyo, wimbo wao "Tanganyika na Uhuru" uliwaunganisha na nchi nzima, na ndio uliowawezesha kusikika mbali baada ya kuingizwa katika mkusanyiko wa nyimbo za Tanzania uliotolewa na John Storm Roberts katika miaka ya 1980.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni Western Jazz. Bendi hiyo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, na mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alitoka Nzega. Jina lilitokana na Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Hivyo watu wa magharibi waliokuwa pwani walijitambulisha kwa mahali walikotoka, wala si mahali walipopigia. Wahakiki wameichukua hali hii kama habari ndogo ya asili ya jina. Kwa kweli ni kauli kuhusu umiliki. Bendi inayojiita Western katikati ya Dar es Salaam inasema kwamba wenye bendi ni watu, na watu hao wana kwao. Baada ya majimbo kufutwa na mikoa kuanzishwa, Jimbo la Magharibi halikuwapo tena katika ramani. Jina la bendi lilibaki likiitaja nchi ya kiutawala iliyokwisha kufa. Kwa maana hiyo, jina lilikuwa limeiishi serikali iliyolizaa.

Upande wa pili wa suala hili unaonekana kwa Shem Karenga. Alianza muziki mwaka 1964 Kigoma na Lake Tanganyika Jazz, akaja Tabora na kujiunga na Tabora Jazz, na hatimaye akahamia Dar es Salaam, ambako jina la Tabora Jazz lilifufuliwa akiwa kiongozi wake. Safari yake ni njia ya msafara ikisomwa kutoka ziwani kwenda pwani, kituo kwa kituo. Je, bendi iliyopiga Dar es Salaam kwa jina la Tabora ilikuwa Tabora Jazz? Mhakiki mkali atasema hapana: vyombo ni vingine, wapigaji wengi ni wengine, mji ni mwingine. Lakini kipimo hicho kikitumika sawasawa kitaiua karibu kila bendi kongwe ya Tanzania. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliitwa baadaye JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Huko tajiri alipobadilika jina lilibadilika, na watu wakaendelea. Kwa Karenga, tajiri na mji vilibadilika, jina likaendelea.

Ulinganisho na Yes unalipa jambo hili mwanga. Mwaka 1989, wanamuziki wanne waliowahi kuwa nguzo za Yes, Jon Anderson, Bill Bruford, Rick Wakeman na Steve Howe, walitoa albamu kwa majina yao manne kwa sababu hawakuwa na haki ya kutumia jina la Yes. Haki hiyo ilikuwa upande wa Squire. Kwa hiyo, mpiga besi aliyesimama pembeni ya jukwaa ndiye aliyekuwa ameshika hati. Huko Uingereza swali la jina lilijibiwa na wanasheria. Kwetu lilijibiwa na wasikilizaji: Tabora Jazz ilikuwa ile ambayo watu walikubali kuiita hivyo walipousikia "Dada Asha". Hakimiliki ya namna hii ni ya kijamii, na ina nguvu; udhaifu wake ni kwamba haimlipi mtu.

5.0 MTINDO

Kila bendi ya dansi ilitakiwa kuwa na mtindo, na mtindo ulikuwa na jina. Western Jazz walikuwa na saboso, Tabora Jazz segere matata, NUTA msondo, Mlimani Park sikinde, Kilwa Jazz kizunguzungu. Wageni wamezoea kuyaona majina haya kama matangazo tu. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002, na Alex Perullo, katika chake cha mwaka 2011, wamesaidia kuonesha kwamba nyuma ya majina hayo ulikuwapo ushindani wa kweli wa kupata wasikilizaji, wenye vyombo na nafasi ya kurekodi.

Swali la kihakiki ni hili: mtindo unakaa wapi katika muziki? Haukai katika maneno, kwani maneno ya mapenzi, nasaha na msiba yalipigwa na bendi zote. Haukai katika mfuatano wa kodi, kwani bendi nyingi zilitumia zilezile tatu. Sehemu kubwa yake inakaa katika sehemu ya pili ya wimbo, ile inayoitwa chemko. Hapo waimbaji hunyamaza au hubaki na kiitikio, magitaa huanza kufungana, na wachezaji huongeza mwendo wa miguu. Katika chemko, solo hurukaruka na rithimu hukata. Besi ndilo linalowaambia wachezaji mguu uangukie wapi. Kama saboso ilichezwa tofauti na segere matata, basi tofauti hiyo iliwafikia wachezaji kwanza kupitia sauti ya chini.

Hata hivyo, tukiyatazama maandishi, majina yanayokumbukwa kwa saboso ni ya wapiga solo, akiwamo Rashid Hanzuruni, ambaye sifa yake haina ubishi. Makala haya hayakusudii kumpunguzia Hanzuruni chochote. Yanakusudia kuonesha kwamba kirangozi amehesabiwa kuwa ndiye msafara. Sifa ya solo inaeleweka kwa sababu inaimbika: msikilizaji anaweza kuipiga mluzi akirudi nyumbani. Besi haipigwi mluzi. Inakumbukwa na mwili, na mwili hauandiki tasnifu.

6.0 BESI

Kuna sababu za kiufundi zilizofanya besi lisahaulike. Ya kwanza ni vyombo vya kurekodia. Katika studio ambamo bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya vinasa sauti vichache, sauti nzito ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi kunaswa bila kuziba nyingine. Ya pili ni vyombo vya kusikilizia. Redio ndogo ya betri, ambayo ndiyo iliyoupeleka muziki wa Tabora vijijini, ina spika isiyoweza kutoa sauti za chini ipasavyo. Msikilizaji wa Urambo au Sikonge alisikia solo, waimbaji na tarumbeta; besi alilikisia. Kwa hiyo msikilizaji wa redio na mchezaji wa ukumbini walisikia nyimbo mbili tofauti zenye jina moja. Uhakiki ulioandikwa kutokana na redio na kanda umeurithi uziwi wa spika.

Sababu ya tatu ni lebo ya santuri. Sahani ya mwendo wa 45 ilikuwa na nafasi ndogo katikati: jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi. Nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kuwa kumbukumbu ya taifa. Ambaye hakuandikwa hapo alianza kufutika siku ileile sahani ilipotoka.

Kwamba hali hii haikuwa lazima inathibitishwa na Les Wanyika. Bendi hiyo iliundwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, na mpiga besi wake mwanzilishi ni Tom Malanga. Katika "Sina Makosa", besi halifuati nyuma ya rithimu kama kivuli, linazungumza nalo. Linatoa kauli fupi, linanyamaza, gitaa la rithimu la Omar Shabani linajibu, kisha linarudi. Ukimya kati ya kauli hizo una thamani sawa na kauli zenyewe. Anayeujua wimbo huo huutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hapa besi limepanda cheo likawa kirangozi bila kuacha kuwa mpagazi, na ndiyo maana jina la Malanga linajulikana kwa wapenzi wa muziki huo. Studio za Nairobi zilichangia, lakini zaidi ulichangia uamuzi wa bendi yenyewe kuliachia besi nafasi.

Kwa upande wa roki, Tanzania ilikuwa na Sunburst, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1970, ambayo mpiga besi wake ni Bashir Idi Farhan. Albamu yao ya "Ave Africa" ilitolewa Zambia mwaka 1976. Sunburst ndiyo bendi ya Tanzania inayokaribia zaidi kile ambacho Yes walikifanya London: nyimbo zinazobadilika njiani, magitaa yenye mkwaruzo, na kundi dogo ambamo kila chombo kinasikika peke yake. Rekodi zao zilipotolewa upya na kampuni ya Strut mwaka 2016, majina ya wapigaji wote yalirejeshwa pamoja na muziki. Hilo ni somo kwa bendi za Tabora. Kinachotenganisha mpiga besi anayejulikana na asiyejulikana mara nyingi si ubora wa vidole vyake, bali kama kuna aliyejali kuandika karatasi inayofuatana na sahani.

7.0 PINGAMIZI

Pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. La kwanza linasema kwamba kumleta mpiga besi wa roki ya Uingereza katika mjadala wa Tabora ni kuivalisha dansi nguo za mtumba. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama Yes wangetumiwa kuwa kipimo cha ubora. Hawakutumiwa hivyo. Wametumiwa kuonesha kwamba mahali ambapo besi limehakikiwa, umiliki wa bendi nao umefahamika vizuri zaidi. Aidha, tofauti zinabaki wazi: Squire alilifanya besi liimbe, hata akawa na kipande chake mwenyewe katika albamu ya "Fragile" ya mwaka 1971; mpiga besi wa segere matata alikuwa na wajibu kwa wachezaji uliomkataza anasa hiyo. Kujizuia kwake ni ufundi, si upungufu.

La pili linasema kwamba bendi ya dansi ni mali ya jamii, na kutafuta mtu mmojammoja ni kuingiza ubinafsi usiokuwapo. Lakini ubinafsi umo tayari. Unamhusu mtunzi na mpiga solo. Anayetetea ujamaa wa bendi hana budi kuanza kwa kuyataja majina yote, kwa sababu jamii isiyo na majina ni umati tu.

La tatu ni la kisheria, nalo ni zito zaidi. Inasemwa kwamba masuala ya malipo hayana nafasi katika uhakiki wa sanaa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, na baadaye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliyokuja na COSOTA, zinaonesha mabadiliko ya mawazo. Neno hakishiriki lenyewe linatambua kwamba aliyeshiriki kuupiga wimbo ana haki iliyo jirani na ya aliyeutunga. Haki hiyo inahitaji jina. Nyimbo za Tabora Jazz na Western Jazz zinapopigwa redioni leo, mtunzi anaweza kutafutwa kwa sababu lebo na wahakiki wamemtaja. Mpiga besi, ambaye hakuna tasnifu iliyomtaja, hana pa kuanzia kudai, yeye wala warithi wake. Kwa hiyo mhakiki anapochagua nani wa kumwandika, anashiriki pia kuamua nani atakayelipwa. Hawezi kulikwepa hilo kwa kusema kwamba yeye ni mtu wa fasihi.

8.0 HITIMISHO

Makala yameonesha kwamba dhana ya mwanzilishi, kama ilivyozoeleka, inachanganya kazi tatu. Iddi Nhende alitoa jina lililobeba kwao kwa watu walio ugenini, na jina hilo likadumu kuliko jimbo lenyewe. Salum Zahoro aliionesha Tabora kuwa inaweza kusema kwa niaba ya nchi. Shem Karenga alilichukua jina la Tabora mpaka Dar es Salaam na kulizuia lisife, kazi ambayo kwa Yes ilifanywa na mpiga besi mwenye hati mkononi. Hao wote wanastahili cheo cha mwanzilishi, kila mmoja kwa maana yake. Pamoja nao wanastahili wale walioibeba saboso na segere matata kwa sauti ya chini, usiku baada ya usiku, katika kumbi ambazo wachezaji hawakuwa na sababu ya kuwatazama.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, tasnifu inayohakiki wimbo wa dansi iwajibike kutaja kila chombo kilichopigwa na kila mpigaji aliyethibitika, kabla ya kuingia katika sitiari. Pili, kanda za Radio Tanzania zilizohifadhiwa na TBC zisikilizwe kwa vyombo vinavyoweza kutoa sauti za chini, wazee waliokuwapo katika kumbi za Tabora, Nzega na Kigoma wakiwa wameketi karibu, ili wasaidie kutambua nani alipiga nini. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na kazi hii haiwezi kusubiri kizazi kingine cha watafiti.